Shajara ya mradi: kitabu cha picha kuhusu dagaa wa Kigoma

6 Mei 2024: Mradi na vipimo vyake

Mradi huu ni kitabu cha picha cha kurasa 32, ukubwa wa A5, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kinachomfuata dagaa kuanzia usiku anapovuliwa katika Ziwa Tanganyika hadi anapofika sokoni na chunguni. Ni kazi yangu ya mwisho katika masomo ya uchoraji wa vielelezo, na chuo kimeniruhusu kuifanya nyumbani Kigoma kwa sharti la kuwasilisha mambo mawili: mafaili yaliyo tayari kwenda kwa mchapaji, na kumbukumbu inayoonyesha jinsi kazi ilivyobadilika njiani. Shajara hii ndiyo kumbukumbu hiyo. Ninaiandika ili mchoraji mwingine anayeishi mbali na maduka makubwa ya vifaa aweze kuifuata, au apite kando ya pale nilipokwama.

Hesabu ya kurasa 32 imetokana na karatasi yenyewe. Karatasi nane za A4 zikichapwa pande zote mbili, zikakunjwa katikati na kubanwa pini mgongoni, hutoa kurasa 32 za A5, na kazi hiyo inaweza kufanywa na duka lolote lenye mashine nzuri ya rangi. Ukurasa wa kwanza ni jalada, wa pili na wa tatu ni wa taarifa za kitabu na jina lake, na wa mwisho ni jalada la nyuma. Zinabaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Kila jozi itabeba picha moja na maneno yasiyozidi ishirini.

Gharama za kuanzia: karatasi sita za manila shilingi 6,000, chupa ya wino mweusi usioyeyuka kwa maji ukishakauka shilingi 12,000, penseli na vifutio shilingi 5,000.

21 Mei: Ziwa limefungwa

Ratiba niliyoiwasilisha chuoni ilianza na safari ya usiku pamoja na wavuvi, na safari hiyo haiwezekani kwa sasa. Uvuvi ziwani umesimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate muda wa kuzaliana. Picha zote za usiku zimesogezwa hadi baada ya Agosti, na nimeanza na zile za nchi kavu.

Kufungwa kwa ziwa kumekuwa na faida ambayo sikuitarajia. Katika mwalo wa Katonga vipe vimevutwa mchangani. Kipe ni mitumbwi miwili ya mbao iliyounganishwa sambamba kwa miti mirefu. Wavu hushushwa katikati yake, taa huwashwa juu ya maji, na dagaa wakishakusanyika chini ya mwanga wavu huinuliwa. Kikiwa majini sehemu kubwa ya umbo lake hujificha. Kikiwa mchangani mtu anaweza kukizunguka, kuhesabu mbao zake na kuona kamba ipi inafungwa wapi. Wavuvi nao wako pwani wakishona nyavu, na wana muda wa kuzungumza ambao siku nyingine hawana.

Mzee mmoja aliitazama rasimu yangu, iliyotokana na picha za intaneti, kisha akaniuliza wavu huo utainuliwa na nani, kwa kuwa nilikuwa nimewaweka watu wote katika mtumbwi mmoja. Uzito wa wavu lazima ugawanywe pande zote mbili, na ile miti mirefu ambayo mimi niliichora kana kwamba ni pambo ndiyo inayouzuia mtumbwi mmoja usiuvute mwenzake. Nimechora upya kipe kimoja kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, nikikipima kwa hatua na viganja. Karatasi hiyo ya rejea nimeibandika ukutani, na kila kipe kitakachotokea kitabuni kitatoka humo, ili chombo kisibadilike umbo ukurasa hadi ukurasa.

12 Juni: Dagaa wa Mwanza

Jozi ya tatu ni picha ya dagaa mmoja aliyekuzwa akajaza kurasa mbili. Nilitafuta picha ya rejea kwenye intaneti kwa neno «dagaa», nikapata iliyo safi, nikaichora kwa wino pamoja na kila gamba, kisha nikaipeleka soko la Mwanga kwa mama anayeuza dagaa wakavu waliowekwa akiba kabla ya ziwa kufungwa. Hakuhitaji kuiangalia kwa muda mrefu. «Mwanangu,» alisema, «huyu dagaa umemtoa Mwanza.»

Alikuwa sahihi kabisa. Dagaa wa Ziwa Victoria, *Rastrineobola argentea*, na dagaa wa Tanganyika, ambao ni *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, hawana hata undugu wa karibu. Wetu ni wa jamii ya sadini, yule si wa jamii hiyo. Kwa mchoraji tofauti zenye maana ni hizi: dagaa wa Victoria ana mstari unaoonekana ubavuni, na pezi lake la mgongoni limekaa nyuma kuelekea mkiani. Wa Tanganyika hana mstari huo, pezi lake la mgongoni liko karibu na katikati ya mwili, na tumboni ana safu ya magamba magumu yenye ncha ambayo hukwaruza kidole ukikipitisha kutoka mkiani kuelekea kichwani. Mtoto wa Kigoma huenda asiweze kuyaeleza hayo kwa maneno, lakini amewashika dagaa tangu alipoanza kutembea, na angejua kwamba kuna jambo haliko sawa.

Kwa kuwa dagaa wabichi hawapatikani kwa sasa, mama huyo alinishauri niloweke wakavu usiku kucha. Nimenunua wa shilingi 2,000, na asubuhi walikuwa wamenyooka vya kutosha kuchorwa umbo, ingawa rangi yao ya fedha itasubiri wabichi. Ukurasa uliokwisha kutiwa wino umepotea.

Tangu leo kila jozi itapita katika hatua ya penseli mbele ya mtu anayekishika kitu chenyewe kwa mikono yake, kabla chupa ya wino haijafunguliwa. Kufuta penseli kunagharimu dakika kumi, na kurudia ukurasa wa wino kunagharimu karatasi na wiki nzima ya kazi. Mafunzo ya darasani yaliwahi kulisema jambo hili, lakini yalilitaja kama suala la nidhamu ya mchoraji. Hapa limejitokeza kama hesabu ya fedha, na kwa namna hiyo limeniingia.

3 Julai: Karatasi

Manila haifai kwa rangi za maji. Nilijua kwamba itajikunja, lakini sikujua kwamba ingetoa nyuzinyuzi mara tu brashi inapopita mara ya pili mahali palipolowa. Kwa mistari ya wino peke yake inatosha; kwa anga la usiku linalohitaji tabaka kadhaa za rangi haiwezi. Nimeagiza kutoka Dar es Salaam karatasi 20 za A3, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa shilingi 4,500 kila moja, na mzigo umeletwa na basi kwa shilingi 10,000. Karatasi 20 kwa jozi 14 na majalada mawili huacha nne tu za kuharibu, na idadi hiyo yenyewe inamfundisha mtu kusubiri kabla ya kuchovya.

Hata karatasi nzito hujikunja ikilowa yote kwa pamoja, kwa hiyo inapaswa kuloweshwa na kubanwa juu ya ubao kabla ya kupakwa rangi, ikauke ikiwa imevutika. Utepe wa karatasi wenye gundi unaotumika kwa kazi hiyo sikuupata mjini. Utepe wa plastiki ulibanduka mara karatasi ilipoanza kuvuta, na ule wa mafundi rangi ulitoka na ngozi ya karatasi. Kilichofaa ni vipande vya karatasi ya kaki vilivyopakwa gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa nzito, ambavyo vinashika imara na hukatwa kwa wembe kazi inapoisha. Tahadhari moja tu: mende wanaipenda gundi hiyo. Wamekula ukingo wa karatasi moja usiku, na sasa ubao unalazwa juu ya besheni lenye maji kidogo. Ubao shilingi 8,000, kaki shilingi 2,000.

24 Julai: Jinsi watoto walivyozisoma picha

Rasimu ya penseli ya kitabu kizima imekamilika. Nimeitolea fotokopi, nikaikunja kuwa vitabu vitatu kamili visivyo na maneno, kwa shilingi 200 kila upande, jumla shilingi 9,600. Nimekaa na watoto wa mtaa wetu katika makundi madogo, kwa ruhusa ya wazazi wao, nikawauliza maswali mawili tu: hapa kuna nini, na baadaye kitatokea nini. Sikuwasahihisha. Nilichokiandika siku hizo kimebadilisha kitabu kuliko maoni yoyote niliyowahi kupata darasani.

Picha ya kipe kinachotazamwa kutoka juu, ambayo niliionea fahari kuliko zote, haikusomwa na yeyote. Wengine waliona kitanda, wengine mlango. Hawajawahi kukitazama kipe kutoka angani, na ukurasa haukuwapa pa kuanzia. Nimeitoa, na mahali pake nimeweka kipe kikionekana kutoka ufukweni, kwa kimo cha macho ya mtoto aliyesimama.

Picha ya pili iliyoanguka ni ile inayoonyesha ziwa kana kwamba limekatwa kwa kisu, mwanga wa taa ukishuka majini na dagaa wakipanda kuufuata. Mstari wa ukingo wa mwanga ulisomwa kuwa wavu, na kwa maana hiyo dagaa walikuwa wamekwisha kunaswa, hivyo ukurasa uliofuata, wenye wavu halisi, ukakosa maana. Nimeondoa mstari, mwanga sasa ni rangi inayofifia polepole kuelekea kilindini, na wavu peke yake ndio wenye mistari. Kufifia huko kuna ukweli pia, kwa sababu ziwa lina kina cha takriban mita 1,470, na kina hicho kisingeingia katika picha hata kurasa zote 32 zingewekwa moja chini ya nyingine.

Katika jozi ya nane nilimchora mama yule yule mara mbili, akimwaga dagaa juu ya chanja ya kuanikia upande wa kushoto na akiwageuza upande wa kulia, ili kuonyesha kwamba muda umepita. Watoto wakasema ni mapacha. Mmoja akauliza kwa nini mapacha hao hawasalimiani. Sasa mstari mweupe unazigawa picha hizo mbili, na jua limehama kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Vilevile mvuvi aliyekatwa na ukingo wa ukurasa aliibua swali la mkono wake ulipo, mara nyingi kiasi kwamba nimemwingiza mzima. Mbinu ya kukata mwili ili kuleta msisimko nimeibakiza mahali pamoja tu, kwa mgebuka, samaki mkubwa mla dagaa, anayeingia ukurasani kuwafukuza dagaa. Hapo kutoonekana kwa mwili wote kuliwatisha, na ndivyo nilivyotaka.

Paka aliyelala chini ya chanja, ambaye nilimweka ili kuziba nafasi tupu, ndiye aliyetafutwa katika kila ukurasa uliofuata. Nimemwongeza katika jozi zote za nchi kavu.

17 Agosti: Mbalamwezi

Ziwa limefunguliwa, lakini mwezi mpevu ni keshokutwa tarehe 19. Taa hazivuti dagaa vizuri katika maji ambayo yana mwanga kila mahali, kwa hiyo wengi wanasubiri giza. Nami nasubiri, na wakati huo natia wino jozi za sokoni.

5 Septemba: Usiku ziwani

Mwezi mwandamo umeangukia tarehe 3, na nimetoka na kipe kimoja cha Katonga baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye chombo na kuchangia mafuta kwa shilingi 15,000. Jaketi la kuokolea maisha niliazima. Anayetaka kuiga safari hii ajue mapema kwamba kuchora gizani hakuwezekani kwa mazoea ya mezani. Niliwasha kurunzi ya kichwani ili nione daftari, na nahodha akanitaka niizime, kwa kuwa mwanga wote unatakiwa uwe mahali pamoja. Nikabaki na penseli laini na karatasi ya kaki, nikichora bila kuuona mstari, na pambizoni nikiandika maneno: uso unamulikwa kutoka chini, mikono ni nyeusi, maji chini ya taa ni kijani kibichi, mbele kidogo ni giza tupu. Maneno hayo yalinifaa kuliko michoro.

Jambo ambalo hakuna picha ya rejea iliyoweza kunifundisha ni kwamba usiku kule hakuna mistari inayozunguka watu. Kinachoonekana ni kile tu ambacho mwanga umekigusa. Nusu ya mtu ipo na nusu haipo. Mtindo wangu tangu nianze masomo ni mstari mweusi unaozunguka kila kitu, na ndio ambao walimu wangu wamekuwa wakiusifu. Kwa jozi nne za usiku imebidi niuache.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupaka anga lote kwa wino mweusi. Juu ya meza lilipendeza, lakini katika fotokopi ya majaribio likawa doa moja lililomeza wavuvi, mitumbwi na maji kwa pamoja. Jaribio la pili lilifuata njia ya wachoraji wa Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wa rangi bapa zilizo wazi zisizo na vivuli. Lilisomeka vizuri, lakini mwanga, ambao ndio habari yenyewe ya ukurasa, ulitoweka. Suluhisho limekuwa kupaka usiku kwa bluu nzito badala ya nyeusi, katika tabaka tatu nyembamba, na kuacha karatasi tupu mahali mwanga unapopiga, huku nyeusi kamili ikibakizwa kwa miti ya kipe na mikono iliyo mbele ya taa. Karatasi mbili kati ya zile nne za akiba zimeishia hapa.

Lilizuka pia suala la taa zenyewe. Wazee walitaka karabai, yaani taa za mafuta ya taa, kwa sababu ndizo walizovulia. Vipe vya leo vina taa nyeupe za betri. Kitabu ni cha watoto wa leo, kwa hiyo taa ni za betri, na karabai imening'inizwa katika nyumba ya babu, jozi ya 13, pamoja na nyavu kuukuu. Hakuna aliyelalamika baada ya hapo.

24 Septemba: Kazi ya kulipwa na mkataba wa ukurasa mmoja

Kikundi kimoja kiliziona jozi za chanja na kuomba bango la kuhimiza kuanika dagaa juu ya chanja za wavu badala ya mchangani, ambako hupata mchanga na uchafu. Tulipatana kwa mdomo shilingi 300,000. Niliwaonyesha penseli, wakaikubali. Nikatia wino na rangi. Kisha wakaomba mama anayeanika abadilishiwe vazi, chanja ziongezwe na jua liondolewe. Nilifanya yote, na kazi ya wiki moja ikawa ya wiki tatu. Bango lilipokwisha kuchapwa nikaikuta picha hiyo hiyo kwenye fulana zao, jambo ambalo halikuwahi kutajwa na upande wowote. Hawakuwa na nia mbaya; kwa maelezo yao walikuwa wamenunua picha. Malipo yalikuja shilingi 285,000, kwa sababu mteja hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, na nisingejua kudai hati ya makato hayo kama msimamizi wangu asingenikumbusha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda mchoro tangu unapoumbwa, bila kusubiri usajili. Ulinzi huo, hata hivyo, hausemi mteja aliruhusiwa nini. Hilo linatoka kwenye makubaliano, na makubaliano yetu hayakuwa na hata mstari mmoja. Nimetunga karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, ambayo nitaitumia kwa kila kazi. Inataja kitu kinachochorwa na ukubwa wake. Matumizi yanayoruhusiwa, kwa mfano bango pekee, kwa muda fulani, na kwamba matumizi mengine yatapatanwa upya. Nusu ya malipo kabla ya kuanza. Marekebisho mara mbili katika hatua ya penseli bila malipo ya ziada, na baada ya wino kila badiliko kwa bei iliyoandikwa. Jina la mchoraji kuonekana. Na mchoro halisi kubaki kwangu. Kipengele cha penseli ndicho nilichokiandika kwa uangalifu mkubwa zaidi, na kimetoka moja kwa moja soko la Mwanga. Mteja wa pili, aliyetaka nembo ya duka, aliisoma karatasi hiyo, akapunguza ukubwa wa kazi, kisha akaisaini. Ninaamini kwamba bila karatasi angeupunguza ujira.

15 Oktoba: Kuskani na rangi

Jozi zote zimekamilika. Kila moja imechorwa kwenye A3 ili ipunguzwe hadi asilimia 71 wakati wa kuchapa. Upunguzaji huficha mitetemo ya mkono, lakini pia hukonda mistari, na magamba niliyoyachora kwa ncha nyembamba kabisa yalitoweka. Yamerudiwa kwa ncha nene.

Skana za mjini nilizozipata huishia A4. Kila jozi imeskaniwa kwa nusu mbili zinazopishana kidogo, kisha zikaunganishwa kwa GIMP, programu isiyolipiwa. Nusu hizo huungana vizuri iwapo tu karatasi haizungushwi kati ya skani ya kwanza na ya pili, kwa kuwa taa ya skana humulika kutoka upande mmoja na vivuli vya nyuzi za karatasi hugeuka. Skani chache za mwanzo zilitoka kwa nukta 150 kwa inchi, kipimo ambacho duka lilikuwa limekiacha kwenye mashine, na zilirudiwa kwa 300. Jumla shilingi 34,000.

Rangi imechukua muda mwingi zaidi. Kioo cha kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga, na mchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi kadhaa zinazong'aa kwenye kioo hazimo katika wino huo. Rangi ya mawese yanayopikiwa dagaa ndiyo iliyoumia. Chungu cha jozi ya 14 kilitoka chenye rangi ya matope, kwa sababu samawati kidogo ilikuwa imejipenyeza katika rangi ya machungwa wakati wa kuigeuza faili. Nilipoiondoa samawati yote mahali penye mawese, wekundu wa machungwa ulirudi, ingawa haujafikia ule wa chupani. Dagaa nao hawana wino wa fedha wa kuwasaidia. Kijivu cha kawaida kiliwageuza kuwa wa kahawia. Kijivu chenye samawati kidogo, na ukanda wa karatasi tupu ubavuni, ndicho kilichowafanya wang'ae.

9 Novemba: Nakala za majaribio

Nakala moja kamili ni pande 16 za A4 kwa shilingi 1,000 kila upande. Nimelipia mbili. Ya kwanza ilitoka na nusu ya kurasa zikiwa miguu juu, kwa sababu mashine iligeuza karatasi kwenye ukingo mrefu badala ya mfupi. Atakayeiga amwelekeze mwendesha mashine kabla. Hata hivyo nakala hiyo ilifichua mengine ya maana zaidi. Karatasi nane zikikunjwa pamoja, zile za katikati husogea nje, na zinapokatwa ukingo hupoteza milimita kadhaa, kwa hiyo namba za kurasa za katikati zilikatwa. Sasa hakuna maandishi yaliyo karibu na ukingo kuliko milimita 10, na picha zote zimeongezewa milimita 3 za kukatwa. Uso wa mama wa jozi ya tisa uliangukia kwenye mkunjo. Nimezitenganisha nusu mbili za picha na kusogeza mwili wake kushoto. Maandishi niliyokuwa nimeyaweka ndani ya picha yalichapwa kwa wino wa rangi zote nne na kuonekana kama yanatetemeka, hivyo yamehamishiwa Scribus, programu ya kupanga kurasa, kwa wino mweusi pekee.

Msimamizi ameniomba niweke kando kwa kando michoro ya Mei na ya Septemba, nieleze nimekuaje. Nimeitazama kwa siku kadhaa. Mkono haujabadilika sana. Yupo mtu katika mchoro wa Mei ambaye amekaa vizuri kuliko wote wa Septemba. Kilichobadilika ni karatasi za penseli zilizo chini ya kila picha. Mei kulikuwa na moja, na ilikuwa yangu mwenyewe. Picha za Septemba zina rundo, na pambizoni mna mwandiko usio wangu: mshale wa mvuvi unaoonyesha kamba inapofungwa, duara la mtoto kumzunguka paka, na alama ya mkasi ambayo mama wa Mwanga aliichora juu ya pezi lililokaa vibaya. Nimeamua kuyawasilisha marundo hayo chuoni pamoja na kitabu.

7 Desemba: Nakala 60

Nakala 60 zimechapwa Dar es Salaam kwa shilingi 6,000 kila moja na kufika kwa basi kwa shilingi 15,000. Rangi ya mawese imekubalika. Gharama zote tangu Mei ni shilingi 600,600, na fedha ya bango imepunguza pengo hilo hadi shilingi 315,600. Nakala 40 zinauzwa kwa shilingi 8,000 na zikiisha zitaleta 320,000. Nyingine 20 zimegawiwa kwa watoto waliosoma rasimu, shule mbili za jirani na watu wa mwaloni. Hesabu hiyo inaonekana kusawazika kwa sababu tu haina ujira wangu. Kwa kitabu kijacho saa za kazi zitaandikwa daftarini kuanzia siku ya kwanza, hata kama hakuna wa kuzilipa, kwa kuwa bila rekodi hiyo sitaweza kumtajia mteja bei isiyo ya kubahatisha.

Kasoro moja imeonekana baada ya kuchapa. Katika jozi ya 12 dagaa wanapimwa kwa mizani, ilhali sokoni hapa mnunuzi wa kawaida huwanunua kwa mafungu na kwa kopo. Jozi hiyo pekee haikupelekwa Mwanga ikiwa penseli, kwa kuwa nilidhani soko halihitaji kuulizwa. Mama yule amekwisha kuniuliza mizani hiyo ni ya nani. Rasimu mpya yenye kopo na mafungu ipo tayari kwa penseli, na Jumatatu naipeleka kwake kabla ya kubana karatasi ubaoni.